Kope Inapocheza: Kutoka Ubashiri hadi Tiba

Utangulizi

Karibu kila mtu amewahi kuhisi kope yake ikicheza. Ngozi nyembamba ya juu au ya chini ya jicho huanza kurukaruka yenyewe, bila ruhusa ya mwenye jicho. Ukijitazama kwenye kioo huenda usione kitu, na ukimwuliza jirani atakuambia haoni chochote. Lakini wewe unaihisi wazi, kama ngoma ndogo inayopigwa chini ya ngozi. Baada ya dakika chache, au siku chache, hutulia na mtu husahau.

Jambo dogo kama hili linaweza kuonekana kuwa halistahili insha ya historia. Tumezoea kufundishwa historia kupitia wafalme, vita, mikataba na ukoloni. Hata hivyo, mwili wa binadamu nao una historia yake, kwa maana kwamba watu wa nyakati mbalimbali wameufasiri kwa namna mbalimbali, na tafsiri hizo zimewasaidia wengine na kuwaumiza wengine. Insha hii inafuatilia jinsi kuchezacheza kwa kope kulivyoeleweka tangu zamani hadi leo, sababu zilizotajwa na tiba zilizojaribiwa.

Hoja yangu kuu ni kwamba safari hii haikuwa njia iliyonyooka kutoka ujinga hadi elimu. Wabashiri wa kale waliitazama kope wakatafuta humo habari za kesho. Baadhi ya madaktari wa karne ya 20 nao waliitazama kope wakatafuta humo siri za nafsi ya mgonjwa. Wote wawili waliipita kope yenyewe. Nafuu ilipatikana pale watu walipouliza swali jepesi zaidi: msuli huu unaamriwa na nini, na mwenye jicho mwenyewe anasemaje?

Kope kama mleta habari

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki husemwa kwamba kope ya juu ikicheza utamwona mgeni au mtu ambaye hujamwona siku nyingi, na kope ya chini ikicheza utalia. Wapo pia wanaotazama upande: jicho la kulia ni heri, la kushoto ni shari. Nyanya yangu, anayeishi kijijini magharibi mwa Uganda, anashika kanuni ya juu na chini mpaka leo. Kope yake ya chini ikicheza hutupigia simu wajukuu mmoja mmoja kuuliza kama tuko salama. Sisi hucheka, lakini hakuna hata mmoja asiyeipokea simu hiyo.

Imani hii si ya Waafrika peke yao. Wachina wana usemi unaojulikana sana kwamba jicho la kushoto likicheza huleta mali, la kulia huleta balaa. Katika fasihi ya kale ya India, kanuni ilitegemea jinsia: upande wa kulia ulikuwa heri kwa mwanamume, na upande wa kushoto heri kwa mwanamke. Ndiyo maana katika Ramayana, Sita akiwa mateka katika kisiwa cha Lanka, jicho lake la kushoto linapocheza msomaji wa Kihindi anaelewa kwamba ukombozi uko njiani. Na katika tamthilia ya Kalidasa kuhusu Shakuntala, jicho la kulia la binti huyo linacheza muda mfupi kabla ya mumewe, mfalme, kumkana mbele ya watu.

Wagiriki nao hawakubaki nyuma. Mshairi Theocritus, aliyeishi katika karne ya 3 KK, alimchora mchunga mbuzi anayempenda msichana asiyemjali. Jicho la kulia la mchungaji huyo linapocheza anajiuliza kama hatimaye atamwona mpenzi wake. Kutoka enzi hizohizo kumetufikia kitabu cha Kigiriki kinachohusishwa na mtu aitwaye Melampus, kilichoandikwa kana kwamba ni zawadi kwa mfalme Ptolemy wa Misri. Kitabu hicho kinaupitia mwili sehemu kwa sehemu, kuanzia kichwani kwenda chini, na kueleza kila sehemu ikicheza maana yake ni nini. Kope, nyusi na mboni zina nafasi yake humo.

Jambo linalonivutia katika kitabu hicho ni kwamba ishara moja haina maana moja kwa watu wote. Mara nyingi mwandishi hutenganisha: kwa mtumwa maana yake ni hii, kwa mwanamwali ni hii, kwa mjane ni hii. Mwanafunzi wa historia anapata hapa faida ambayo mwandishi hakuikusudia. Kitabu hakituambii chochote cha kuaminika kuhusu kope, lakini kinatuambia kwamba katika jamii ile hata mtetemeko wa ngozi ulipokelewa kulingana na cheo cha mtu, na kwamba kila mmoja alikuwa na hofu na tumaini lake.

Elimu hiyo iliendelea katika ulimwengu wa Kiislamu, ambako iliitwa kwa Kiarabu ilmu ya ikhtilaji, yaani elimu ya mitetemeko ya viungo. Waturuki wa dola ya Osmania nao waliandika vitabu vya namna hiyo. Tukiweka kanuni hizi zote mezani, tatizo moja linajitokeza mara moja: zinapingana. Jicho la kushoto linalomtajirisha Mchina linamtia mashaka jirani yangu wa Kampala. Linalomfurahisha mwanamke wa India linamhuzunisha mumewe. Kama kope ingekuwa inaleta habari kweli, ingekuwa mjumbe anayesema lugha tofauti katika kila mji.

Sauti zilizopinga

Ingekuwa kosa kudhani kwamba watu wote wa kale waliamini mambo haya. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliyeishi kati ya mwaka 354 na 430 BK, alitaja kuruka kwa kiungo cha mwili miongoni mwa ushirikina aliowaonya Wakristo wauache. Yeye alipinga kwa sababu za dini.

Lakini kabla yake alikuwapo aliyepinga kwa njia nyingine, bila hata kugombana na wabashiri. Huyo ni Galen, tabibu aliyezaliwa Pergamon katika Uturuki ya leo, katika karne ya 2 BK. Aliandika kitabu kizima kuhusu kutetemeka, kurukaruka, kukakamaa na kutapatapa kwa mwili. Alijaribu kutofautisha aina hizo moja na nyingine, na kuruka kwa sehemu ya mwili alikueleza kwa pumzi au mvuke uliojikusanya ndani na kuipanua sehemu hiyo. Leo tunajua kwamba maelezo yake kuhusu mvuke hayakuwa sahihi. Hata hivyo alikuwa ameuliza swali lililo sahihi. Hakuuliza kope inasema nini. Aliuliza inafanywa iruke na kitu gani.

Kwa hiyo, katika dola moja ya Kirumi kulikuwa na mtu anayefungua kitabu cha Melampus kujua kama atapata mali, na mtu anayefungua kitabu cha Galen kujua kama ni mgonjwa. Huenda watu wengine walifungua vyote viwili, kama ambavyo leo mtu anaweza kutoka kwa mganga asubuhi na kwenda hospitali mchana.

Msuli na mshipa wake

Ili kuelewa hatua iliyofuata, ni lazima kwanza tuelewe kope inavyofanya kazi. Kulizunguka kila jicho kuna msuli mwembamba wenye umbo la pete. Msuli huu ukijikaza, jicho hufumba. Amri ya kujikaza hutoka kwenye ubongo kupitia mshipa wa fahamu wa saba, unaotokea karibu na sikio na kutawanyika usoni kote. Mshipa huohuo ndio unaotuwezesha kucheka, kununa na kupuliza mluzi.

Mnamo mwaka 1821, Charles Bell, daktari mpasuaji kutoka Uskoti, aliwasilisha London utafiti wake kuhusu mishipa ya fahamu ya uso. Yeye na watafiti wengine wa wakati wake walisaidia kuonyesha kwamba mshipa unaoamrisha misuli ya uso si ule unaopeleka hisia za ngozi ya uso. Jambo hili lilikuwa muhimu sana. Tangu hapo, daktari aliyekutana na kope inayoruka aliweza kufuata njia kuanzia kwenye msuli, kupitia kwenye mshipa, hadi kwenye ubongo, na kuuliza hitilafu iko wapi.

Mjerumani Friedrich Schultze alifuata njia hiyo. Mwaka 1875 alieleza habari za mwanamume aliyekuwa na mkakamao wa upande mmoja wa uso. Baada ya kifo chake, mwili ulipochunguzwa, ilionekana kwamba mshipa wa damu uliotutumka ulikuwa umeugandamiza mshipa wa fahamu wa saba. Miaka 20 baadaye, mwaka 1895, Schultze huyohuyo alitoa jina la mayokimia, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya msuli na wimbi, kwa misuli inayotetemeka kwa mawimbi madogo chini ya ngozi. Jina hilo ndilo madaktari wanalolitumia leo kwa kope inayocheza kwa kawaida.

Taratibu madaktari walitenganisha hali tatu ambazo mtu wa kawaida huziita jina moja tu. Ya kwanza ni mayokimia ya kope: mtetemeko mdogo wa kope moja, usiofumba jicho, unaoisha wenyewe. Ya pili ni mkakamao wa nusu ya uso: huanza kwenye jicho, kisha hushuka shavuni na pembeni mwa mdomo, upande mmoja tu. Ya tatu ni blefarospazimu: macho yote mawili hufumba kwa nguvu bila hiari, mara nyingi kwa watu wa makamo na zaidi kwa wanawake. Mwanzoni mgonjwa hupepesa macho mara nyingi na kuchukia mwanga. Mwishoni anaweza kushindwa kusoma, kuvuka barabara au kupika, ingawa macho yake yenyewe ni mazima.

Tafsiri iliyorudi kwa mlango wa nyuma

Mtu angetarajia kwamba kuanzia hapo mambo yangekwenda vizuri. Haikuwa hivyo. Mwishoni mwa karne ya 19 madaktari wa Paris walikutana na wagonjwa ambao shingo zao zilijipinda zenyewe. Waligundua jambo la ajabu: mgonjwa akigusa kidevu chake kwa kidole kidogo tu, shingo hunyooka. Édouard Brissaud aliona kwamba kidole hakina nguvu ya kunyoosha shingo, basi ugonjwa lazima uwe wa akili. Mwaka 1910 Henry Meige, daktari mwingine wa Ufaransa, alieleza kwa makini wagonjwa waliofumba macho na kukaza uso bila hiari. Nao walikuwa na mbinu zao. Wengine walipata nafuu wakigusa nyusi, wengine wakiimba, wengine wakizungumza.

Hapa ndipo ninapoona kufanana na wabashiri. Mbinu hizo zilikuwa ushahidi kuhusu jinsi ubongo unavyoongoza misuli, lakini zilisomwa kuwa ushahidi dhidi ya mgonjwa. Kama unaweza kufumbua macho ukiimba, kwa nini usifumbue ukiwa kimya? Bila shaka hutaki. Bila shaka kuna kitu usichotaka kukiona. Kwa miongo mingi ya karne ya 20, wagonjwa wengi wa blefarospazimu walipelekwa kwa madaktari wa akili, na wengine waliambiwa kwamba macho yao yanakataa kuutazama ukweli fulani wa maisha yao. Ubashiri ulikuwa umerudi, safari hii ukiwa umevaa koti jeupe.

Athari za tafsiri kama hizo hazihitaji kutafutwa mbali. Katika mji nilikokulia alikuwapo mama mmoja aliyeuza nguo sokoni. Macho yake yalianza kupepesa, kisha yakawa yanafumba katikati ya mazungumzo, hata anapohesabu chenji. Wateja wengine walisema anawadharau. Wanawake wenzake walisema anawakonyeza waume zao. Ndugu zake walisema ana mapepo, wakampeleka kwenye maombi ya usiku kucha, ambako kukosa usingizi kulizidisha tatizo. Mwishowe aliacha biashara. Wote hao walikuwa na maelezo. Sikusikia hata mara moja kwamba kuna aliyemwuliza yeye anahisi nini macho yanapofumba.

Aliyebadilisha mwelekeo kwa kiasi kikubwa ni David Marsden, daktari wa mishipa ya fahamu wa Uingereza. Mwaka 1976 alichapisha makala akidai kwamba hali hii ni hitilafu ya mwendo inayotoka katika ubongo, jamaa ya ile ya shingo kujipinda, na wala si ugonjwa wa kujitakia. Aliuita ugonjwa huo kwa jina la Bruegel, mchoraji wa karne ya 16, kwa sababu ya picha yake ndogo ya mtu aliyeachama kinywa na kufumba macho kwa nguvu. Baadaye wengine walibisha kwamba mtu wa picha ile anapiga miayo tu. Inawezekana. Lakini hoja yenyewe ilisimama: wagonjwa hawa hawakuwa waongo.

Dawa ya moto ni moto

Kukubaliwa kwamba wewe ni mgonjwa si sawa na kupona. Tiba za zamani za mkakamao wa kope zilikuwa kali. Wapo waliodungwa pombe kali kwenye mshipa wa fahamu ili kuuharibu, waliokatwa matawi ya mshipa huo, na baadaye waliotolewa sehemu ya msuli wa kope. Wengine walipata nafuu, lakini wengine walibaki na uso uliolegea au jicho lisilofumba sawasawa, na mara nyingi mkakamao ulirudi.

Nafuu kubwa ilitoka mahali ambapo hakuna aliyetarajia, yaani kwenye soseji zilizoharibika. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika eneo la Württemberg huko Ujerumani, watu walikufa baada ya kula soseji. Daktari Justinus Kerner, ambaye pia alikuwa mshairi, alikusanya habari za wagonjwa hao na kuzichapisha miaka ya 1820 na 1822. Aliona kwamba sumu hiyo hukausha kinywa, hulegeza kope na kudhoofisha misuli, huku fahamu zikibaki timamu. Alithubutu hata kuionja mwenyewe. Kisha akatoa wazo lililowatangulia watu wa zama zake: sumu hii ikitolewa kwa kiasi kidogo sana, huenda ikatuliza misuli inayocheza kupita kiasi.

Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wanamuziki waliopiga muziki kwenye mazishi walikula nyama ya paja la nguruwe iliyohifadhiwa, wakaugua. Watatu kati yao walikufa. Profesa Émile van Ermengem aliichunguza nyama hiyo na kugundua bakteria anayetengeneza sumu. Jina la botulini lilitokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji. Katikati ya karne ya 20 ilifahamika kwamba sumu hiyo huzuia neva kumwaga kemikali inayoupa msuli amri ya kujikaza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake, Wamarekani waliichunguza pia kama silaha.

Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, alikuwa akitafuta njia ya kunyoosha makengeza bila kisu. Alipata sumu iliyosafishwa kutoka kwa Edward Schantz, mwanasayansi aliyekuwa ameifanyia kazi jeshini. Baada ya kuijaribu kwa nyani, alianza kuidunga kwa binadamu mwishoni mwa miaka ya 1970, akachapisha matokeo mwaka 1980. Muda si mrefu ilijaribiwa pia kwa kope zinazokakamaa. Watu waliokuwa wakitembea wakipapasa kama vipofu walifumbua macho.

Wagonjwa wenyewe hawakukaa wakingoja. Mwaka 1981 Mattie Lou Koster, mwanamke wa Texas aliyekuwa na blefarospazimu, alianzisha shirika la wagonjwa ili wafahamiane na kuchangia utafiti. Umuhimu wa umoja huo ulionekana mwaka 1986, pale ugavi wa dawa ulipokatika kwa miezi kadhaa Marekani kwa sababu mtengenezaji hakuweza kupata bima. Kwa kuwa sindano moja hufanya kazi kwa takriban miezi mitatu tu, kope zilianza kufumba tena, na baadhi ya wagonjwa walilazimika kusafiri hadi Kanada kudungwa. Hatimaye, Desemba 1989, serikali ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa makengeza, blefarospazimu na mkakamao wa uso.

Dunia iliifahamu baadaye kwa jina la Botox, na kwa kazi nyingine. Huko Vancouver, daktari wa macho Jean Carruthers aliambiwa na mgonjwa wake wa blefarospazimu kwamba sindano humwondolea pia makunyanzi ya paji la uso. Kutokana na maneno hayo ya mgonjwa ilizaliwa biashara kubwa ya urembo. Si vibaya kukumbuka kwamba kabla ya kulainisha nyuso za waigizaji, dawa hii iliwarudishia wasioweza kufumbua macho uwezo wa kuona njia.

Kwa upande wa mkakamao wa nusu ya uso, ugunduzi wa Schultze ulizaa matunda baada ya karibu karne nzima. Katika miaka ya 1960, mpasuaji wa Marekani Peter Jannetta alianza kusogeza mshipa wa damu unaoigandamiza neva na kuweka kitu laini katikati. Wenzake wengi hawakumwamini kwa miaka mingi, lakini leo upasuaji huo unakubalika.

Kope ya kawaida na tiba yake

Baada ya safari hii ndefu, turudi kwa msomaji ambaye kope yake inacheza sasa hivi. Kwa uwezekano mkubwa ana mayokimia, hali isiyo na hatari. Mambo yanayojulikana kuichochea ni uchovu, kukosa usingizi, wasiwasi, kafeini nyingi, pombe, ukavu wa macho, na kukaza macho muda mrefu kwenye kitabu au skrini. Ukitazama orodha hii utaona ni maisha ya mwanafunzi wa chuo kikuu wakati wa mitihani. Na hapa Uganda tuna sababu ya ziada ya kujihadhari, kwa kuwa kahawa yetu kubwa ni robusta, ambayo ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Wengine huongeza vinywaji vya kuongeza nguvu juu yake.

Tiba yake ni ya bei nafuu: kulala vya kutosha, kupunguza kahawa na vinywaji hivyo, kupumzisha macho kila baada ya muda, na kuweka kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu juu ya kope zilizofumbwa. Kama macho ni makavu, mhudumu wa afya anaweza kutoa matone ya kuyalainisha. Wapo wanaouza vidonge vya magnesi kama tiba ya uhakika. Jambo hilo halijathibitishwa. Ni vyema pia kuhakikisha hakuna kitu kinacholisugua jicho, kwa mfano kope zilizojikunja kwa ndani kutokana na trakoma, ugonjwa unaofahamika katika maeneo kama Karamoja.

Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Zipo dalili zinazohitaji daktari: kope kucheza kwa wiki kadhaa bila kukoma, jicho kufumba lote, mtetemeko kushuka shavuni au mdomoni, kope kulegea, au jicho kuwa jekundu na kutoa uchafu. Na kama upande wa uso unapooza ghafla au mtu anashindwa kusema vizuri, asisubiri hata saa moja, aende hospitali.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kope inayocheza imepita mikononi mwa wabashiri, maaskofu, matabibu, wapasuaji na madaktari wa akili. Elimu ya leo ni bora kuliko ya Melampus, kwa kuwa inaweza kumfumbua macho mtu aliyekuwa hawezi kuona. Hata hivyo, koti la daktari peke yake halikutosha kumkinga mgonjwa na tafsiri mbaya. Kilichosaidia ni uchunguzi wa makini ukiungana na maneno ya wagonjwa wenyewe. Schultze alichunguza maiti, lakini Marsden na Carruthers walijifunza kwa walio hai, na Koster alikuwa mgonjwa mwenyewe.

Sioni haja ya kumdhihaki anayesema kope ya chini huleta machozi. Imani hiyo humfanya mtu akumbuke jamaa zake, na simu ya kuuliza hali haijamdhuru mtu. Madhara huanza pale tunapoacha kumsikiliza mwenye jicho kwa sababu tayari tunajua maana ya kope yake: kwamba ana mapepo, ana dharau, ana wazimu, au anajifanya. Nchi zetu hazina madaktari wengi wa mishipa ya fahamu, na sindano za botulini ni ghali. Lakini kumwuliza mtu unahisi nini, na tangu lini, hakuhitaji mashine wala fedha. Tiba nyingi nilizozieleza hapa zilianza na swali hilo.